Mkono Mwepesi

Mtu akikwambia anaijua njia ya Kayenze, huku Mwanza, muulize anaijua ya mwezi gani. Ya Julai ni nyekundu na kavu, kokoto zinaruka chini ya tairi, na vumbi lake unaoga mara mbili ndipo litoke. Ya Aprili ina madimbwi ambayo huwezi kujua kina chake mpaka umeshaingia, na kwenye miteremko mvua imechukua udongo laini ikaacha mawe yamesimama peke yake. Dereva wa Noah hupita zote mbili kwa usukani uleule na malalamiko yaleyale. Mwenye baiskeli hana nafasi hiyo. Kila mvua ikipita anaanza kuisoma barabara upya, na asipoisoma inamwangusha.

Usomaji huo ndio ninaotaka kuusifu: ufundi wa kuendesha baiskeli kwenye changarawe na moramu, katika vilima vya Mwanza na ukanda wa Ziwa Victoria. Wanaoujua kuliko wote ni wanaopita na mzigo nyuma: dagaa, maziwa, mkaa, gunia la mpunga, mgonjwa anayepelekwa zahanati. Halafu tupo sisi wachache wa siku hizi tunaopita Jumamosi asubuhi na kofia ngumu kichwani, hatuna mzigo, hatuna haraka, tunazunguka kwa raha ya kuzunguka. Sioni aibu kusema kwamba kundi la pili ni wanafunzi wa kundi la kwanza, ingawa baiskeli zetu zina bei ya kununulia ng'ombe kadhaa.

Nianze na ardhi, maana ufundi wote unatoka hapo. Mwanza imekaa juu ya miamba ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, mawe yaleyale yanayobebana pale Bismarck Rock na yanayoshikilia nyumba za Mabatini na Igogo zisiteleze. Jua na mvua huyamenya mawe hayo taratibu mpaka yanakuwa mchanga. Chembe nzito hubaki juu, karibu na mwamba. Chembe laini husombwa na maji mpaka bondeni. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliandika kwamba udongo wa Afrika Mashariki hujipanga kwa zamu kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, kama pingili za mnyororo, na kwamba zamu hiyo hujirudia kilima baada ya kilima. Wataalamu wa udongo duniani kote wanalitumia wazo hilo hadi leo. Mkulima wa Kisukuma hakumsubiri Milne. Anajua kwamba chini ya mawe kuna luseni, mchanga mweupe wa mihogo na karanga. Kwamba chini ya luseni kuna itogolo, udongo wa kijivu ulioshikana mpaka jembe linadunda. Na kwamba chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi.

Kwa mwenye baiskeli, hizo ni barabara tatu ndani ya mteremko mmoja, na anazipita zote kwa dakika chache.

Kwenye luseni gurudumu la mbele linataka kuzama na kugeuka. Mgeni hufanya mambo mawili, na yote mabaya: anakaza usukani, halafu anashika breki. Baiskeli inasimama, yeye anaendelea. Mwenyeji hurudisha uzito nyuma kidogo, anaendelea kukanyaga pedali kwa nguvu ileile, na gurudumu la mbele analiacha litangetange linavyotaka. Litakwenda kushoto, litakwenda kulia, halafu litatokea ng'ambo. Siri yote iko kwenye kutoligombeza.

Itogolo ikiwa kavu ni zawadi. Hakuna lami ya mjini inayoifikia kwa ulaini, na ukitoka kwenye mchanga ukaikanyaga unahisi kama baiskeli imetua mzigo. Ila ikilowa juu tu, hata kwa manyunyu, inateleza bila onyo, na kinachokuokoa ni kwenda wima: usikunje kona, usiinamishe baiskeli, usiguse breki ya mbele. Utaijua kwa rangi yake na kwa majaluba ya mpunga yanayoanza kutokea kando ya njia.

Mbuga nayo ikikauka hupasuka nyufa zinazoweza kumeza gurudumu, nawe unalazimika kuzikata kwa mshazari. Ikilowa hakuna ufundi tena, kuna kubeba. Udongo unapanda na tairi, unajaa chini ya madigadi, gurudumu linakwama, na baiskeli iliyokuwa ikikubeba inageuka kuwa mzigo wako begani. Ndiyo sababu baiskeli nyingi za vijijini hazina madigadi, na ndiyo sababu mwendeshaji makini wa Misungwi au Magu huchomeka kijiti kwenye keria wakati wa masika. Mwenye baiskeli mpya ya kigeni hucheka akikiona kijiti hicho. Hucheka mara moja tu.

Kwa hiyo macho huwa mbele, mbali kuliko anavyodhani anayejifunza. Yakishuka kutazama gurudumu, umeshachelewa. Unatazama rangi ya njia inapobadilika, unatazama imepandwa nini pembeni. Ua wa minyaa maana yake kuna kaya, na kwenye kaya ardhi imekanyagwa ikashikana, tena kuna mbuzi wenye maamuzi ya ghafla. Mihogo inakwambia mchanga unakuja. Migunga inakwambia utazame chini kidogo, maana miiba yake haibagui tairi ya Kihindi na ya Kijerumani.

Na pembeni mwa karibu kila barabara ya vumbi ya Usukumani kuna barabara nyingine ambayo haimo kwenye ramani za wakala wa barabara, TARURA. Ni kijia chembamba, pengine upana wa kiganja tu, kilichosuguliwa na matairi ya baiskeli na nyayo za watu mpaka kikang'aa. Greda halikukitengeneza. Kinapita juu ya ukingo wa mtaro, kinakwepa mzizi wa mwembe, kinaingia shambani hatua chache pale ambapo lori liliwahi kukwama, kinarudi. Katikati ya barabara magari yamejaza vile vijituta vya kukatiza vinavyotikisa mpaka meno. Watu hulaumu springi, lakini hata gurudumu lisilo na springi huvitengeneza likizidi mwendo fulani juu ya udongo mkavu. Kijia cha pembeni hakina hata kimoja, kwa sababu waliokitengeneza hawana mwendo huo. Mimi nakihesabu miongoni mwa kazi bora za mikono, au za miguu, za mkoa huu, na hakuna aliyelipwa kuifanya.

Kina adabu zake pia. Mwenye mzigo hapishi. Asiye na mzigo ndiye anayetoka kwenda kwenye kokoto. Anayepanda hapewi salamu ndefu, kwa kuwa pumzi anaihitaji kwingine. Mwanamke mwenye ndoo kichwani hapigiwi kengele kwa nyuma, unapunguza mwendo na kusema "Mwangaluka" kama ni asubuhi, "Mwadila" kama jua limegeuka, naye ataitika na kusogea bila kugeuka na bila kumwaga hata tone. Kengele ni ya kuku na ya vijana wa bodaboda, nao hawaisikii wote wawili.

Kuhusu baiskeli yenyewe, nina jambo moja la kuchokoza. Soma ubavuni mwa tairi la Phoenix, baiskeli ile nyeusi ya Shanghai yenye breki za fito ambayo babu zetu waliichukua kwa fedha za pamba. Imeandikwa 28 x 1½. Kwa vipimo vya sasa hiyo ni milimita 40 za upana. Miaka ya 1990 na baadaye, wakimbiaji wa baiskeli wa Ulaya walibana matairi mpaka milimita 23, wakiamini kwamba jembamba na gumu ndilo lenye kasi. Halafu wakarudi kwenye barabara za vumbi, wakagundua kwamba tairi gumu hurukaruka na kila mruko ni nguvu iliyopotea, wakaanza kupanuka tena. Leo ukienda kununua baiskeli ya changarawe, iliyobuniwa kwa kompyuta, utakuta mara nyingi imefungwa tairi la milimita 40. Tairi la Phoenix halikuwahi kuondoka hapo. Tena rimu yake ni kubwa kidogo kuliko ya hizo mpya, na gurudumu kubwa hupanda jiwe kwa upole zaidi. Fremu ni ndefu, uma wa mbele umelala, kwa hiyo haishtuki. Ina uzito, nakubali. Lakini yapo mambo ambayo wabunifu wa baiskeli wa Marekani wamerudi kuyatafuta huku yakiwa yameegeshwa nje ya mashine ya kusaga Kisesa.

Raha hii imeenea duniani, na wenzetu wengi hawana habari. Kule Toscana, Italia, kati ya mashamba ya mizabibu na misitu ya mialoni, wenyeji waliona barabara zao nyeupe za changarawe zinafunikwa lami moja baada ya nyingine. Mwaka 1997 wakaanzisha safari ya baiskeli za kizamani iitwayo L'Eroica ili barabara hizo zipate watu wa kuzitetea. Mwaka 2007 likafuata shindano la wakimbiaji wa kulipwa, Strade Bianche, linalomalizikia Siena. Marekani wana Emporia, mji wa Kansas, ambako tangu 2006 watu hukimbia kilomita zaidi ya 300 za mawe makali kwa siku moja. Ubingwa wa kwanza wa dunia wa changarawe ulifanyika 2022 katika mkoa wa Veneto, Italia, nako pia ni nchi ya mizabibu.

Huku kwetu mizabibu iko Dodoma, ziwa halina. Tuna pamba. Ukitoka Usagara kuelekea Ukiriguru mwezi wa Juni utapita kati ya mashamba yaliyochanua meupe, na mbegu ambazo wakulima wa kanda hii wamepanda kwa miaka, UK91 na nduguze, zilipata herufi zake kwenye kituo cha utafiti hapohapo Ukiriguru. Mafurushi ya pamba yanakwenda ghalani kwa baiskeli, mapana kuliko barabara. Sioni tunachopungukiwa.

Na Afrika Mashariki haikubaki nyuma. Mwaka 2021 Migration Gravel Race ilianzishwa Kenya, katika nchi ya Wamasai, na wakimbiaji wa Ulaya na Marekani wakaalikwa waje wapimwe na njia za ng'ombe. Nahodha wa timu iliyozaliwa na juhudi hizo, Team Amani, alikuwa Suleiman Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Rwanda walikwenda mbali zaidi: Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kwa bara hili. Miongoni mwa waliofungua njia hiyo ni Nathan Byukusenge, ambaye kabla ya kuvaa jezi ya taifa na kufika Olimpiki ya Rio 2016 alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Jambo hilo linasimuliwa kama muujiza, maskini aliyetoka kwenye keria akafika Olimpiki. Mimi naliona la kawaida. Keria ndiyo chuo.

Twende tukamtazame mmoja wa wahitimu wake. Alfajiri pale Igombe, mchuuzi wa dagaa anapakia. Ameegesha baiskeli kwa stendi pana ya nondo, ya kuchomelea, kwa kuwa ya kiwandani ingepinda siku ya kwanza. Viroba viwili vinaning'inia ubavuni mwa keria, chini kadiri inavyowezekana. Cha tatu kinalala juu, kimesukumwa mbele mpaka kinagusa kiti. Kama kuna kizito zaidi kinakaa chini na mbele, kamwe si juu na nyuma. Kamba yake ni mpira uliokatwa kutoka tyubu la gari, anauvuta mpaka unakuwa mwembamba ndipo anaufunga, ili ukijirudi uzidi kubana. Halafu linakuja jambo ambalo sijaliona likifanywa na yeyote kati yetu wa Jumamosi. Anashika kiti kwa mkono mmoja na kuitikisa baiskeli kushoto na kulia, mara moja, kwa nguvu. Mzigo na baiskeli vikienda pamoja na kurudi pamoja, anaondoka. Mzigo ukichelewa hata kidogo, anafungua vyote na kuanza tena, bila kusonya, ingawa jua linapanda na wateja wa Buswelu hawamsubiri.

Kupanda nako kuna namna yake. Mguu hauwezi kupita nyuma, viroba vimejaa. Anaisukuma hatua kadhaa, anakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, na wa kulia anaupitisha mbele, juu ya bomba, huku baiskeli ikiwa tayari imeanza kukimbia. Kwa muda mfupi usukani unayumba vibaya, kwa sababu uzito wote uko nyuma na gurudumu la mbele limebaki jepesi. Hapo ndipo mkono unapojulikana. Ukikaza, unaanguka na dagaa wote. Yeye anaegesha viganja tu, vidole viwili au vitatu vimekunjwa, viwiko vimelegea. Usukani unapiga huku na huku, kila mara kidogo kuliko mara iliyotangulia, kisha unatulia wenyewe.

Wenyewe kweli. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walichapisha katika jarida la Science habari za baiskeli waliyoiunda makusudi bila ya zile sababu mbili ambazo vitabu vilikuwa vikizitaja kwa muda mrefu kuwa ndizo zinazoisimamisha, na bado ilipopewa mwendo ilijisimamisha bila mtu juu yake. Baiskeli nzuri ikianza kuinama hugeuza usukani upande inakoinamia, ikajipata. Mchuuzi wa Igombe hajasoma jarida hilo wala halimhusu. Ila mikono yake inajua kwamba kuna kazi ambayo baiskeli inaifanya vizuri kuliko mtu, na inaiachia. Katika yote niliyojaribu kujifunza juu ya moramu, hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu hofu hukaza mkono kabla akili haijaulizwa.

Miteremko ina sura nyingine. Breki za fito zikilowa ni mapambo, na hata zikiwa kavu hazikuundwa kwa kilo themanini za mkaa. Wabeba mkaa wanaoshuka kuelekea mjini hukanyaga tairi kwa soli ya katambuga. Raba ya gari dhidi ya raba ya baiskeli, na harufu yake unaipata kabla hujamwona mtu. Hii ni breki yenye akili, maana mguu unahisi tairi linavyoteleza na kulegeza mara moja. Wenzao wa Goma wana chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo hushuka na magunia kutoka milimani, na mji umewasimamishia sanamu. Wabeba mkaa wetu hawana sanamu. Wana faini.

Vilima vya Mwanza ni vifupi. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyolizunguka havina ule mlima mmoja wa kukuvunja; vipo vingi, vya kukuvunja kidogo kidogo. Kosa ni kukipiga kila kimoja kwa hasira. Mwenye gia moja hana anasa hiyo: anajua tangu mwanzo kilima kipi atakipanda amekaa, kipi atasimama, kipi atashuka asukume, na akishuka hashuki kwa aibu. Kusukuma ni mwendo mojawapo. Sisi wenye gia nyingi hujikuta tunang'ang'ania kukaa juu kwa mwendo ambao bibi mwenye kuni anatupita, tukidhani tumeshinda kitu.

Halafu kuna upepo. Asubuhi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana ardhi ikipata moto, ziwa linaanza kupuliza kuja nchi kavu. Aliyekwenda Misungwi asubuhi na kurudi alasiri ataukuta umemsubiri usoni kuanzia Usagara mpaka Mkolani, na hapo hakuna gia inayosaidia ila subira na mgongo wa mtu wa mbele. Kwenye fukwe ongeza mbu wa ziwani, wale wasiouma, ambao siku nyingine hupanda juu ya maji mawingu kwa mawingu na kuja ufukweni. Ukikutana nao funga mdomo, pumua kwa pua, na salamu zisubiri.

Misitu? Ukielekea kusini, Kwimba na Shinyanga, utapita sehemu zenye miti ambazo si msitu wa serikali wala si pori la bure. Ni ngitili, maeneo ambayo kaya au kijiji hufunga yasilishwe mpaka kiangazi kikali. Enzi za ukoloni sehemu kubwa ya miti ya Usukumani ilifyekwa kufukuza mbung'o, kisha pamba ikachukua nafasi. Kufikia miaka ya 1980 upepo ulikuwa hauna wa kuuzuia. Mradi wa hifadhi ya ardhi uitwao HASHI, ulioanza Shinyanga 1986, uliamua kuwarudishia watu desturi yao badala ya kuwaletea mpya, na ngitili zikarudi. Mwendesha baiskeli anaijua faida yake kwa ngozi: unaingia kwenye kivuli, joto linashuka, udongo unakuwa wa majani yaliyooza, tairi linanyamaza. Dakika chache tu, halafu unatoka tena juani. Lakini zinatosha kumfanya mtu apende sera ya mazingira.

Fundi naye asisahaulike. Mwiba ukiingia, wengi wetu tunajua kutoa tyubu, kulizamisha kwenye beseni, kuona mapovu, kupiga msasa, kupaka solusheni na kubandika kiraka. Fundi wa chini ya mwembe hufanya hayo yote, halafu kabla ya kurudisha tyubu huingiza vidole ndani ya tairi na kulizungusha polepole, macho yakitazama kwingine, pengine anazungumza na mtu habari za Yanga. Anautafuta mwiba wenyewe. Asiyefanya hivyo atarudi baada ya kilomita mbili na tundu palepale. Na akimaliza hukung'uta spoku kwa ukucha, moja moja, akisikiliza iliyolegea. Upepo anaupima kwa kidole gumba, la nyuma gumu, la mbele laini kidogo, kwa kuwa la mbele ndilo linaloongea na mikono.

Kuna swali ambalo kila mtu wa kundi langu ameulizwa. Umesimama dukani Sangabuye, unakunywa soda, watoto wanahesabu gia. Mzee anakuja, anaizunguka baiskeli, anainyanyua kwa mkono mmoja, anastaajabu wepesi wake, halafu anatafuta kitu nyuma ya kiti na hakioni.

"Unapeleka nini, mwanangu?"

"Sipeleki kitu, mzee. Naendesha tu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka Kayenze, halafu narudi."

"Kumwona nani?"

Hakuna jibu la heshima kwa swali hilo. Nimesikia wenzangu wakitaja mazoezi, afya, presha, na wazee wakitikisa kichwa kwa huruma kana kwamba wameambiwa msiba. Mimi nadhani mzee yuko sahihi kwa sehemu. Raha peke yake inatosha, siitolei hoja. Ila baiskeli isiyobeba kitu haikufundishi nusu ya mambo yake. Haikwambii uzito ukae wapi. Haikulazimishi kuchagua njia laini, kwa sababu ukikosea unaumia wewe tu, hayavunjiki mayai ya mtu. Na haikulegezi mkono, kwa kuwa gurudumu la mbele lina uzito wa kutosha kuvumilia woga wako.

Sasa njia zimeongezeka. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na safari ya Sengerema haianzi tena kwa kusubiri kivuko. Unaweza kuvuka kwa baiskeli asubuhi, ukaiacha lami upande wa pili, ukaingia kwenye vijia vya Sengerema kuelekea ziwani, kisha ukarudi mjini kwa kivuko cha Kamanga na viazi vitamu vya kutosha nyumba nzima. Kwa safari hiyo nimemwomba fundi anitengenezee keria ya nondo. Ameigonga fremu kwa bisibisi, akasikiliza, akasema hii ni alumini, mashine yake ya kuchomelea haiiwezi, tutafunga kwa bolti na kipande cha tyubu katikati ili isikwaruze. Ameniuliza nitabeba kilo ngapi. Nikamwambia ishirini. Akaandika hamsini.